Ukoko wa Pilau ya Kisasa

Katika mgahawa mpya wa mpishi Shekue, pilau ya kisasa ilikuwa kijiko kimoja cha wali katikati ya sahani pana kama ungo, na jani moja dogo juu yake. Bi Mwanakombo aliimaliza hata hajaketi vizuri.

Shekue akamletea kitabu cha wageni. "Andika sifa, bibi. Hapa hatoki mtu bila kusifu."

"Mwanangu, kwetu pilau haisifiwi mpaka ukoko wake uonekane. Au yako haina?"

Wageni wakageuka. Shekue akakimbilia jikoni, akarudi na sufuria nzima, akaitua mezani.

"Ukoko upo! Ila uko chini kabisa, bibi, chini ya wali wote huu."

"Usijali," alisema Bi Mwanakombo, akikunja mikono ya buibui. "Ndiko niendako."