Viateur Asimulia Barabara ya Butare

"Kigali hadi Butare na kurudi? Hiyo ni safari ya kumpelekea bibi chumvi! Nitaondoka alfajiri, na chakula cha mchana kitanikuta hapa hapa nimekwisha rudi, hata shati halijakunjamana."

Aliyesema hayo alikuwa Viateur, Jumapili moja ya mwezi wa Agosti mwaka 1990, mbele ya watu tisa na pikipiki saba, uani kwa Bwana Régis mtaani Kiyovu. Laiti ulimi nao ungeundiwa breki, kijana huyo angekuwa wa kwanza kuzihitaji. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, amemaliza sekondari, mwepesi wa mzaha kama panzi wa nyasi kavu. Alikuwa karani wa duka la vipuri. Kila skrubu ya pikipiki aliijua kwa jina na kwa namba, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuendesha mbali kuliko mwisho wa mji.

Wahenga hawakuwa na pikipiki, ila mambo ya barabara waliyajua. Waliona kwamba mtu mkweli aweza kwenda mbali, maana hana cha kukwepa, ilhali mwongo hafiki popote kabla hajakutana na aliyemwona. Viateur aliifahamu methali hiyo. Alikwisha kuiandikia insha shuleni, akapata alama nzuri.

Chama cha pikipiki cha Bwana Régis kilikuwa kikijiandaa kwa safari kubwa ya Septemba: Kigali hadi Cyangugu na kurudi, kilomita karibu mia sita, baina ya jua kuchomoza na jua kuzama. Nafasi zote zilikuwa zimejaa isipokuwa moja, nayo ilikuwa na pikipiki yake, mali ya chama. Walioitaka walikuwa wawili, Viateur na Vestine. Vestine alikuwa bibi shamba, mtumishi wa kilimo aliyezoea kupanda vilima kwa pikipiki kukagua mibuni. Mwenye maneno mengi hakuwa, lakini alikuwa na daftari, na daftari lake lilikuwa na maswali mengi kuliko majibu.

Sharti lilikuwa moja. Kila mgombea aende Butare na kurudi peke yake kwa siku moja, kisha Jumapili inayofuata akae kitini na kuwasimulia wenzake barabara, kona kwa kona, shimo kwa shimo. Ndivyo chama kilivyojifunza njia. Mita ya pikipiki ile ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo shahidi pekee alikuwa neno la mwendeshaji. Atakayefaulu kwanza ndiye atakayekabidhiwa ufunguo. Wakapiga kura, na kura ikamwangukia Viateur kutangulia.

Juma lile lote Viateur hakutulia. Udadisi ulimchoma kama ugonjwa. Jioni alikwenda Nyamirambo kwa Munyakazi, fundi mzee wa chama aliyekwisha kufika Cyangugu mara nne, akamganda kama kupe.

"Mzee, kwa nini hapa kuna nyaya mbili za klachi, na mkono wa klachi ni mmoja?"

"Wa pili ni wa akiba," alijibu Munyakazi bila kuinua kichwa. "Naulaza kando ya ule wa kwanza. Ukikatika msituni, sihangaiki kuupitisha upya. Nabadilisha ncha tu, naondoka."

"Na magazeti haya?"

"Ya kifuani, ndani ya koti. Baridi ya alfajiri haipiti kwenye gazeti."

"Hata kama habari zake ni za zamani?"

"Baridi haisomi, mwanangu."

Viateur alicheka, akaendelea kuuliza. Mtu akikaa saa sita juu ya kiti, ni wapi panapoanza kufa, mgongo au makalio? Kwa nini ule ndizi na usile nyama? Ukitoka daraja la Nyabarongo, mlima unaupanda kwa gia ya ngapi? Ruhango kona ni kali upande gani? Munyakazi akamjibu yote kwa moyo mweupe. Mwishowe akasema, "Kijana, umejua kila kitu. Sasa panda uende, ujue kwamba hujui."

Jumamosi ikafika. Kwa kuwa Jumamosi asubuhi nchi nzima ilikuwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya vilimani, Bwana Régis alikuwa amemwombea barua ya ruhusa yenye muhuri: mwenye barua hii yuko safarini kwenda Butare, asizuiwe njiani. Viateur akaitia mfukoni, akajaza magazeti kifuani hadi akavimba kama jogoo, akapungiwa mikono, akateremka kuelekea Nyabugogo.

Huko ndiko mambo yalikoharibika. Lori lililobeba mbao lilimpita kwa kishindo, upepo wake ukamsukuma hadi ukingoni mwa lami. Akasimama. Akaangalia ng'ambo, akaona vilima vya kusini vimepangana, kimoja nyuma ya kingine, kama watu waliopanga foleni kumngoja yeye. Ikamjia akilini kwamba yote yaliyoko huko alikwisha kuyasikia kwa Munyakazi. Kulikuwa na haja gani ya kuyasikia tena kwa makalio?

Akageuza pikipiki. Akazunguka kupitia Remera, akaelekea mashariki hadi Ndera, mahali ambapo hakuna mwanachama aliyekuwa na shughuli. Akaingia kwenye miti ya mikaratusi, akatoa magazeti kifuani, akayatandika, akalala. Aliwaza atapumzika hadi jioni, ajipake vumbi, arudi shujaa.

Hakupata hata nusu saa. Kivuli kilimwangukia usoni. Mbele yake alisimama mwanamume mfupi mwenye filimbi shingoni na jembe begani, mkuu wa selire, yaani kitongoji cha pale, jina lake Bizimana.

"Wewe! Watu yote iko kwa umuganda, wewe iko nalala kama mwami, kama mfalme?"

"Samahani, mzee. Mimi ni mpita njia."

"Mpita njia anapita. Wewe umelala."

"Nilichoka kidogo tu…"

"Unatoka wapi, unaenda wapi? Iko na barua?"

Mkono wa Viateur ulikwenda mfukoni, ukagusa muhuri, ukaganda. Barua ilikuwepo. Ilisema, kwa herufi kubwa, kwamba yeye yuko safarini kwenda Butare. Akimwonyesha mtu huyu, ataulizwa ni Butare gani hii iliyohamia Ndera, na kesho habari itakuwa imefika Kiyovu. Akautoa mkono mtupu.

"Sina, mzee."

"Basi iko na mikono," alisema Bizimana, akamkabidhi jembe.

Akawekwa kwenye mstari wa watu waliokuwa wakichimba mtaro wa kuzuia mmomonyoko ubavuni mwa kilima. Kulia kwake alikuwa bibi mmoja mwembamba, Pudentienne, ambaye jembe lake lilipanda na kushuka kama mguu wa cherehani. Alimtazama Viateur akihangaika, akatabasamu.

"Sha, hii jembe si kalamu. Shika chini."

"Hapa, mama?"

"Chini zaidi. Ee. Sasa acha uzito wake ifanye kazi. Mama yako hakukufundisha?"

"Mama yangu alinipeleka shule."

"Pole sana," alisema Pudentienne, na mstari mzima ukaangua kicheko.

Cha ajabu ni kwamba baada ya saa moja Viateur alisahau alichokimbilia pale. Udadisi wake ukaamka. Kwa nini mtaro unazunguka kilima, haushuki moja kwa moja? Kwa sababu maji yakipewa njia iliyonyooka yanakimbia na shamba, akaambiwa. Kwa nini nyasi zinapandwa juu ya tuta? Zishike udongo, tena ng'ombe wapate kula. Pudentienne naye alikuwa na yake ya kuuliza.

"Hii moto yako, hii pikipiki, mwanangu, ikinywa lita moja, inaenda hadi wapi?"

"Kilomita thelathini na kitu, mama, ikienda taratibu."

"Na wewe, ukinywa lita moja ya uji?"

"Mimi? Hadi mwisho wa mtaro huu, kama Mungu akipenda."

Kufikia saa sita mchana walikuwa wameumaliza mtaro. Wakamnywesha uji wa mtama, wakamsifu, wakatawanyika. Viateur akarudi mikaratusini, akalala fofofo, viganja vikiwa vimejaa malengelenge. Jua lilipoanza kuinama akaipaka pikipiki vumbi, akaingia mjini kwa mwendo wa mtu aliyechoka. Kuchoka hakukuwa uongo.

Jumapili baada ya misa, wanachama wote walikuwa uani. Bwana Régis, mtu mzima mwenye tumbo la heshima aliyekulia Bujumbura, aliweka ufunguo katikati ya meza. Liliane, mkewe, akagawa chai. Viateur akakaa kitini, akaanza kusimulia.

Na alisimulia! Alipanda mlima wa Nyabarongo kwa gia ya pili, akahisi baridi ya alfajiri ikigonga magazeti kifuani na kurudi ilikotoka. Alikula ndizi mbili Gitarama. Alihesabu kona za Ruhango kwa vidole, akainamia kila moja hapo kitini mpaka kiti kikalia. Aliingia Butare, akaliona kanisa kuu na matofali yake mekundu, akagusa ukuta kwa kiganja, akageuka. Munyakazi aliitikia kwa kichwa kwa furaha kila alipokutana na maneno yake mwenyewe, akidhani ni barabara inayomthibitisha. Vestine peke yake hakuacha kuandika.

"Makalio yalianza kufa wapi?" aliuliza.

"Nyanza, wakati wa kwenda. Yalifufuka Gitarama, wakati wa kurudi."

"Na lami baada ya Ruhango, bado ni nzima? Nataka kujua niteremke kwa mwendo gani siku nikienda."

Hapo Viateur alisita. Swali hilo hakuwahi kumwuliza Munyakazi. Alimwona Vestine akingoja na kalamu mkononi, macho yake yamejaa kiu ya kujua, si ya kumnasa. Moyo ukamchoma kidogo. Ila ulimi, kama kawaida yake, ulikuwa umekwisha ondoka.

"Nzima kama sakafu ya benki. Achia mafuta, uteremke."

Vestine akaandika: nzima.

"Na umuganda?" aliuliza tena. "Jana ilikuwa Jumamosi. Walikusimamisha mara ngapi?"

"Mara tatu. Walisoma barua, wakapiga saluti. Nawaambieni, njia nzima mimi sikuinua kitu kizito kuliko ndizi. Tazameni viganja, hivi vyote ni kazi ya usukani!"

Akavinyosha viganja. Wenzake wakainama kuvitazama, wakaguna kwa heshima. Bwana Régis akausogeza ufunguo upande wa Viateur.

"Bon," alisema. "Mimi sina swali tena. Kuna mwenye…"

Lango la uani likalia. Akaingia bibi mwembamba mwenye kibuyu cha maziwa kichwani, kama alivyofanya kila Jumapili kabla wanachama hawajafika, kwa maana ndiye aliyekuwa akimuuzia Liliane maziwa; leo alikuwa amechelewa. Akakitua kibuyu, akawaamkia watu kwa zamu, mkono kwa mkono. Alipofika kitini akapiga makofi ya furaha.

"Yewe! Kijana ya jembe!"

Akamkumbatia Viateur kwa mikono miwili, kisha akawageukia wenyeji, uso unang'aa.

"Mama Liliane, kumbe huyu ni mtu yenu, na hamkuniambia? Jana tulikuwa naye kule kwetu Ndera. Amechimba mtaro, amechimba, mpaka saa sita! Mgeni, hana deni kwetu, lakini hakukimbia hata kidogo. Halafu akalala chini ya miti mpaka jioni. Mbuzi yangu ikakula magazeti yake, mimi nikaona aibu kumwamsha." Akavichukua vile viganja vilivyokuwa bado vimenyoshwa, akavigeuza juani. "Bado inauma, mwanangu? Nilikwambia, shika chini."

Kijiko cha Liliane kikakoma ndani ya kikombe. Munyakazi alikuwa ameinamisha uso, anatazama viatu vyake.

"Mama Pudentienne," Bwana Régis alisema polepole, "una hakika ni jana?"

"Umuganda ni siku gani ingine, mzee? Uliza Bizimana."

Viateur alijaribu kuvivuta viganja vyake, bibi asiviachie. Vestine alirudi kwenye daftari, akatafuta mstari mmoja, akaukata kwa kalamu mara mbili. Kisha akamgeukia bibi, kwa udadisi ule ule wa siku zote.

"Alichimba vizuri, mama?"

"Sana!"

"Basi hapo angalau hakudanganya," alisema Vestine.

Bwana Régis akauvuta ufunguo kutoka upande wa Viateur, akausukuma hadi mbele ya Vestine. "Jumamosi ijayo, dada. Nenda utuletee barabara yenyewe."

Viateur akabaki kitini, viganja vyake bado vimo mikononi mwa Pudentienne, aliyekuwa akivipuliza taratibu na kumsifu mbele ya watu wote. Butare ni mbali, na Cyangugu ni mbali zaidi. Lakini njia ya mwongo ni fupi.