Alama Nyekundu ya Fisi

Wenzangu, mpo?
Tupo!
Na masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!
Basi yategeni, hadithi inapita.

Palikuwa na Fisi, na Fisi alikuwa na pikapu. Alikaa njia panda akiwanyang'anya wanyama wadogo baiskeli zao, akaziuze mjini. Akapita Digidigi. Fisi akasema, "Njia yangu, baiskeli yangu." Akaichukua. Akapita Kanga. Fisi akasema, "Njia yangu, baiskeli yangu." Akaichukua. Akapita Nguchiro, amempakia mama yake kwenye keria, wanatoka kliniki. Mama alikuwa na vidonda miguuni, na kliniki ilikuwa mbali. Fisi akasema, "Njia yangu, baiskeli yangu. Mama, shuka."

Mama akashuka. Akakaa chini.

Digidigi alilia. Kanga alilia. Nguchiro hakulia. Alimtazama Fisi akizifunga baiskeli nyuma ya pikapu, karakacha, karakacha.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Baiskeli sirudishi."

"Sikujia hilo. Nakuhurumia tu. Pale darajani yupo Afande Kifaru, na wewe umefunika taa, umefunika na namba ya gari. Leo unalala ndani."

Fisi alimwogopa Kifaru. Akafungua kamba. "Nifanyeje, mjukuu wangu?"

"Ohoo! Leo mimi mjukuu?"

"Sema upesi!"

"Taa zionekane. Namba isomeke. Baiskeli zisizidi upana wa gari. Na kwa kuwa zimetokeza nyuma, funga kitu chekundu mwishoni, wanaokufuata wakione."

"Kitambaa chekundu sina."

"Sheria inataka chekundu. Haikutaja kitambaa."

Nguchiro akaingiza mkono katika kikapu cha mama, akatoa kipande cha nyama mbichi. Kilikuwa chakula chao cha jioni.

"Mwanangu, na hicho pia?" mama akauliza.

"Vumilia, mama. Baiskeli itarudi."

Akakifunga kwenye gurudumu la mwisho.

Pikapu ikaondoka, nguru nguru nguru. Upepo ulivuma kutoka nyuma. Fisi akanusa. Akasimama, akashuka, akang'ata ncha, nyafu! Akapanda. Nguru nguru nguru. Akanusa. Akasimama, akashuka, akang'ata nusu, nyafu! Akapanda. Nguru nguru nguru. Akanusa. Akasimama, akashuka, akala iliyobaki pamoja na uzi wake.

Akafika darajani.

"Taa?" Kifaru akauliza.

"Zinaonekana, afande."

"Namba?"

"Inasomeka, afande."

"Alama nyekundu?"

Fisi akajilamba midomo. "Ilikuwapo, afande."

"Iko wapi?"

"Nimeila."

Kifaru akamtia pingu. Nguchiro akafika mbio, Digidigi na Kanga nyuma yake.

"Afande, baiskeli hizo ni zetu. Ile yenye keria ndiyo inayompeleka mama yangu kliniki."

"Nakuamini, kijana. Lakini sasa ni ushahidi. Haziondoki kituoni mpaka hakimu aamue."

"Hakimu ni nani?"

"Mheshimiwa Kobe. Ameshatoka nyumbani."

Masika yakaja, baiskeli zikaota kutu ukutani mwa kituo. Kiangazi kikaja, mipira ikapasuka. Fisi alipata dhamana, akarudi njia panda na kitambaa chekundu. Mama alikwenda kliniki kwa miguu, akipumzika penye kivuli. Safari moja alipumzika, hakuinuka. Nguchiro alimzika. Kobe alikuwa bado njiani.

Fundisho ni hili: anayebeba baiskeli nyuma ya gari afunge kitambaa chekundu, asifunge nyama. Kama baiskeli ni zake au za kunyang'anya, pale darajani hakuna aliyeuliza. Na anayedai haki asiwe na haraka. Inakuja.

Hadithi yangu imefika kizuizini, mimi nashuka. Anayeitaka aibebe, lakini aifunge vizuri.