Fundi Aliyefunika Gari

Fundi mmoja alikuwa na binti na gari bovu, na haja yake ilikuwa moja tu: kabla macho yake hayajaingia giza, gari lipone na liwe mikononi mwa binti huyo. Fundi aliitwa Mwaringa. Binti aliitwa Umazi, amemaliza shule, kazi hana, maswali anayo tele. Walikaa kaskazini ya Malindi, pale upepo unapokusanya mchanga hadi ukawa vilima. Wageni hupenda kupandishwa vilima hivyo kwa gari na kuteremshwa upande wa pili. Wenyeji huvipanda kwa miguu wakitafuta mbuzi waliopotea, na hakuna anayewapiga picha.

Gari lenyewe lilikuwa la kukimbilia mchangani. Halina milango wala paa, bodi yake ya faiba, injini imekaa nyuma, na matairi ya nyuma mapana ajabu. Mgeni mmoja alilitumia zamani, akahama, akaliacha uani kwa Mwaringa. Chumvi ya bahari ikala sakafu, na kuku wa mama yake Umazi wakafanya kiti cha dereva kuwa mahali pa kutagia. Watoto wa mtaa hawakuwahi kulijua kama gari.

Ukungu ulipoanza kumwingia machoni, Mwaringa aliwafukuza kuku, akamwita binti yake, akamkabidhi msasa. Akawatangazia majirani wote waliopita, hata wasiouliza, "Gari hili likipona ni la Umazi. Atawapeleka wageni vilimani, ale jasho lake, asimtegemee mtu." Alisema kwa moyo mweupe. Hilo mlishike, maana kisa hiki hakina mtu mbaya.

Basi wakafanya kazi. Walikwangua kutu, wakakata sakafu iliyooza na kuchomelea bati jipya. Umazi aliifungua kabureta mwenyewe, akaiosha kwa petroli, akapanga vipande vyake kwenye sinia la pilau la mama yake kwa kufuata vilivyotoka, ili vijue njia ya kurudi. Sinia lilitafutwa siku ya wageni likapatikana linanuka petroli, na maneno yaliyosemwa siku hiyo si ya kurudiwa mbele ya watu wazima wenye heshima zao. Lakini kabureta ilirudi sawasawa. Mwaringa alifurahi mpaka akaona haya.

Mwanzoni Umazi alipokaza nati alikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kisha akaita, "Baba, njoo utazame." Mwaringa akija, akigusa kwa kidole, husema, "Safi kabisa, mama." Na kila jua lilipopoa alimwambia neno lile lile: "Nenda ukaoge, mimi nafunika gari."

Umazi akiingia ndani, Mwaringa huvuta turubai mpaka nusu, akatupa jicho mlangoni, akachukua spana. Hapo hurudia nati zote alizozikaza binti yake tangu asubuhi. Zilizokazwa vizuri alizilegeza akazikaza upya, ndipo roho yake ikatulia. Zilizopungua kidogo alizimaliza, na kesho yake hakusema neno. Aliona kumwambia ni kumvunja moyo. Wahenga walimwonya mchelea mwana kulia. Huyu hakuchelea mwana kulia, alichelea mwana kukosea, na hilo kwake lilikuwa upendo. Kisha alimaliza kufunika, akaenda kula.

Miezi ikapita. Umazi akawa mwepesi wa mkono. Hakuita tena "njoo utazame." Alikaza huku anaimba, akihama kutoka nati hadi nati bila kugeuka nyuma, na Mwaringa akawaambia wenzake kwenye kahawa kwamba binti amekomaa. Ni kweli jioni spana yake ilikuwa inapata kazi zaidi kuliko zamani. Mtu angejiuliza kwa nini fundi aliyekomaa anaacha nati zimelegea kuliko alipokuwa mwanafunzi. Mwaringa hakujiuliza. Alikaza tu, akashukuru kwamba bado ana nguvu.

Injini iliwaka siku moja asubuhi kwa moshi na kelele, mama yake Umazi akatoka na mwiko mkononi akidhani nyumba inaungua. Wakalipaka gari rangi ya binzari, chaguo la Umazi. Kazi ya mwisho ilikuwa breki za nyuma, na jioni ile Umazi ndiye aliyerudisha magurudumu ya nyuma mahali pake. Siku iliyofuata lingepandishwa kilimani kwa mara ya kwanza, na watu walikwisha kuambiwa.

Sasa, jioni hiyo hiyo ilikuja habari kwamba mama mzazi wa jirani amefariki. Msiba wa jirani hauulizwi. Mwaringa alinawa mikono kwa haraka, akavaa shati, akaenda matangani na wanaume wenzake, na huko akalala kama ilivyo desturi. Gari lilifunikwa na Umazi.

Alirudi asubuhi akakuta gari limekwisha kutolewa nje ya uwanja, injini inanguruma, na nusu ya mtaa imesimama inatazama. Umazi amekaa kwenye usukani, kichwa amekifunga leso, uso wake unang'aa. Mwaringa alipanda pembeni yake, na ndipo alipokumbuka kwamba nati za jana hakuzirudia. Mkono wake ulishuka chini ya kiti ukaigusa spana. Kisha akawatazama majirani. Ni hao hao aliowaambia gari liko mikononi mwa Umazi. Akishuka sasa kuzungusha nati mbele yao, atakuwa amesema nini? Alimwonea binti yake haya, na yeye mwenyewe alijionea haya. Akaiacha spana, akasema, "Twende, mama."

Kupanda, walipanda vizuri. Gari lilikwea kilima likitimua mchanga, na juu pale waliona bahari yote, Mwaringa akaiona kwa ukungu wake na bado akaiona nzuri. Walipoanza kuteremka, gurudumu la nyuma la kushoto lilichomoka. Liliwapita upande, likatangulia chini peke yake kama lililotumwa dukani. Gari likalala ubavu. Umazi alibaki ameshikilia usukani na mchanga mdomoni, hakuumia. Mwaringa alirushwa, akaangukia mkono wa kulia, ukavunjika.

Binti alikuja mbio akapiga magoti. Mwaringa alikuwa na maumivu, na mwenye maumivu hutafuta wa kumlaumu. Alimwuliza kwa ukali kama nati zile hakuzikaza.

"Nilizikaza kwa vidole, baba," alisema Umazi. "Za spana nilikuachia wewe. Si ndizo unazomalizia ukifunika gari?"

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayeeleza jinsi kazi ilivyogawanywa nyumbani kwao. Na palepale mchangani, wakisubiri watu wafike, alimweleza baba yake yote. Zamani, kazi ilipokuwa changa, aliichora nati moja mstari wa rangi ya kucha, akaupitisha mpaka kwenye chuma, apate kuiringia kesho yake. Asubuhi mstari ulikuwa umekatika, akajua kuna mkono ulioizungusha nati baada yake. Akakaza zaidi, akachora tena, ukakatika tena. Alilia bafuni. Baadaye machozi yalikwisha, na akaona hakuna haja ya kujitoa jasho kwa kazi ambayo lazima irudiwe. Usiku wa matanga ulipofika alikwisha kusahau kwamba nati ina mwenyewe, na alipofunika gari hakukumbuka kwamba wa kuzimalizia hayupo.

Mwaringa aliuma meno. Mkono ulimwuma, na jingine lilimwuma zaidi, kwa sababu alikumbuka kila "safi kabisa" aliyowahi kuisema.

Mkono ulifungwa plasta. Gari lilivutwa likarudishwa uani, nalo gurudumu likaletwa na watoto wakilisukuma kama mpira wao. Umazi alianza upya. Mwaringa alikaa kwenye kiti pembeni, na pale nati ilipokuwa bado, alisema, "Bado." Mara ya kwanza alipolisema neno hilo, Umazi aligeuka akamkazia macho, kwa kuwa hakuwa amelisikia tangu waanze. Kisha akarudi kukaza. Mishipa ya shingo ikamtoka tena. Jioni alifunika gari mwenyewe, akaenda kuoga, na Mwaringa akabaki uani na spana iko mbele yake kwenye sinia, na mkono wa kushoto mzima. Aliitazama mpaka giza likaingia. Hakuigusa.

Walipanda kilima mara ya pili kabla plasta haijatolewa. Mama yake Umazi alikataa hata kutazama. Mwaringa alimwuliza binti yake jambo moja tu, kama amekaza, naye akajibu kwamba amekaza. Akapanda, akakaa. Waliteremka upande wa pili wakafika chini, magurudumu yote yapo.

Basi niambieni, ninyi mnaosema mmekwisha kuwakabidhi watoto wenu. Mara ya kwanza Mwaringa alipanda ana mikono miwili mizima, na mara ya pili mmoja umefungwa plasta: ni mara ipi gari lilikuwa mikononi mwa Umazi?