Binti Aliyempiga Video Mama Yake

Tulieni wanangu, na nyinyi wakwe zangu mliokaa huko nyuma karibu na mlango, sogeeni. Mchungaji kanipa nafasi niseme na nyinyi kabla hatujaomba. Mimi sina somo, nina mfano tu. Ukiona unamgusa jirani yako, usigeuke kumtazama. Tazama mbele.

Kulikuwa na binti mmoja, mtoto wa kwanza kwa mama yake. Akaolewa, akahamia mjini, akafungua duka la vitambaa, akapata na hiyo simu ya kupangusa. Mdogo wake alibaki kijijini na mama yao. Na mama mwenyewe kazeeka, akili inamtoka kidogo kidogo. Leo anakujua, kesho anakukaribisha kama mgeni. Anamaliza bakuli la uji, ukigeuka kuliosha anakwambia hajala tangu jana. Nyinyi mnaouguza wazee mnanielewa.

Sasa yule wa mjini haji. Anatuma sukari, anatuma salamu. Akipiga simu, mama anamwambia, "Huku nashinda njaa, mwanangu. Wananipiga. Kanga zangu zote wamechukua."

Na yeye anaamini. Kwa nini asiamini? Ukiwa mbali na mzazi, moyo unakuuma, na moyo ukikuuma unatafuta mtu wa kumlaumu. Huwezi kujilaumu mwenyewe, basi unamlaumu aliyebaki nyumbani. Akawa anasema pale dukani, kila mteja anasikia, "Siku nitakayokwenda, nitamuumbua yule. Watu wote watajua anavyomtesa mama."

Siku ikafika, akaenda. Hakupiga hodi kwa simu, hakutuma neno, alitaka awakute hivyo hivyo. Na kweli akawakuta hivyo hivyo. Mdogo wake kaenda kuchota maji. Mama kakaa chini nje ya mlango, kajichafua, kanga imeshuka mpaka kiunoni, anagombana na kuku.

Akina mama, nawauliza. Pale kilitakiwa nini? Si nyinyi mmezaa? Mtu akijichafua anatakiwa nini?

Maji. Nguo. Mkono wa kumwinua. Mnajua wote, hata huyu mtoto anayenyonya anajua.

Yeye akatoa simu.

Akaielekeza kwa mama yake, akaanza kutangaza kama mtu wa redio: "Tazameni wenyewe, jamani! Huyu ndiye mama yangu mzazi! Nimemwachia mdogo wangu amtunze, tazameni anavyotunzwa!" Mama akasikia sauti ya mtu, akamnyooshea mkono. Akasema, "Nishike nisimame, baridi inaniuma." Na yule binti akarudi nyuma kidogo. Unajua kwa nini alirudi nyuma? Ili mama aenee kwenye picha.

Nyamazeni, bado.

Mdogo wake akatokea na ndoo kichwani. Akaona dada yake, akafurahi, akasema, "Jamani dada! Karibu, ngoja nimwoshe mama kwanza, leo tumbo limemsumbua tangu asubuhi."

Dada akaitia simu kwenye pochi. "Usinikaribishe. Utanijua mimi ni nani."

Akageuka, akafuata gari la kurudi mjini. Hakukaa hata kunywa maji ya nyumba ile.

Wajukuu zangu wamenieleza kwamba upo mtandao ambao watu wanatupia video zao, mwenye ngoma anatupia ngoma, mwenye mahubiri anatupia mahubiri, na wewe uliye mbali unatazama. Huko ndiko alikoitupia. Jioni ile watu wakaitazama wengi sana. Wakamwandikia maneno. Mmoja anasema, "Pole dada, Mungu akuone unavyompigania mama." Mwingine anasema, "Huyo mdogo mtu ni mchawi, anamkausha bibi wa watu." Anasoma, anajisikia vizuri. Anafuta machozi, anasoma tena. Machozi matamu yale. Unalia na huku unafurahi.

Mumewe akawa mezani anakula. Na huyu mume, mnaujua ukwe wa kwetu ulivyo. Tangu aoe, akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, anaingia kwenye majani mpaka apite. Hajala mbele yake hata siku moja. Anamsalimia kwa mbali, kajiinamia. Basi kashika simu yake, rafiki yake kamtumia kitu, kafungua. Akamwona mkwe wake vile alivyokuwa.

Akaifunika simu juu ya meza. Halafu akasema, "Mama Yusto, umefanya nini? Huyu ni mkwe wangu."

"Acha ushamba, Baba Yusto! Huo ukwe wenu ni wa kule nyumbani. Kwenye simu kuna ukwe?"

Mwanaume akasukuma kiti nyuma. Akanawa mikono, na ugali bado mzima kwenye sahani, akatoka nje.

Mama Ndahani, usicheke. Hata mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilitaka kucheka, halafu nikamfikiria huyo mkwe, nikaacha.

Sasa, wenye ule mtandao walikuwa wametoa tangazo siku zilizopita. Walisema kuna vitu hatupokei tena. Hatupokei video ya mtu akiwa hana nguo. Hatupokei video ya mgonjwa asiyejiweza anayedhalilishwa, hata aliyemrekodi awe ni ndugu yake. Tangazo hilo hata huyu binti lilimfikia. Akabonyeza kwamba amekubali bila kulisoma, kama mnavyobonyeza nyinyi.

Asubuhi anafungua, video haipo. Wameishusha. Wamemwachia maneno mafupi: video hii inamdhalilisha mtu asiyeweza kujitetea; kama mwenyewe ameridhia, aseme.

Ungemwona! Akawa mbogo. "Wananizuiaje? Mama ni wangu, simu ni yangu, bando nimenunua mwenyewe! Nani kawaambia nyumbani kwetu kunawahusu?" Na hapo hapo akajua ni nani kamsemea. Nani mwingine? Mdogo wake. Kwamba kaona ataumbuka, kaenda kumripoti.

Akarudi kijijini siku hiyo hiyo. Kila mwaka alikuwa anasema hana nafasi, sasa kwa ajili ya video nafasi ikapatikana.

Akaingia uani anapiga kelele. "Wewe! Umeniripoti, siyo? Umeona siri yako imetoka!"

Mdogo wake alikuwa anapeta uwele. Akaweka ungo chini. "Nimekuripoti wapi, dada?"

"Kwenye mtandao! Usijifanye hujui!"

"Dada, simu yangu hii hapa." Akaitoa kwenye pindo la kanga, kile kitochi, kimefungwa na raba. "Hii inapiga na inamulika, basi. Huo mtandao naingia na nini? Kwani uliweka nini huko?"

Dada akaanza kupekua pochi.

"Dada, nimekuuliza. Uliweka nini?"

"Nilimweka mama. Jana. Vile nilivyomkuta."

Yule mdogo mtu hakupiga kelele, wala hakutukana. Akauokota ule ungo, akauweka mapajani. Akasema polepole, "Kumbe. Leo kisimani nimefika, watu wote wakanyamaza. Nikawasalimia, wakaitikia wanatazama pembeni. Nikasema labda kuna msiba wanaogopa kuniambia."

Hapo ndipo mtu mwingine angetubu. Lakini tunajijua. Tukishikwa na aibu, tunaongeza ukali ili isionekane. Dada akasema, "Hata kama! Wenye mtandao wamesema kama mwenye kuonyeshwa ameridhia, video inaweza kurudishwa. Mama ataridhia sasa hivi. Atasema neno moja tu, basi, tumemaliza."

Akaingia ndani, akamtoa mama, akamkalisha kwenye kigoda pale mlangoni. Siku hiyo mama alikuwa ameoga, anang'aa mafuta. Binti akainua simu.

"Mama, tazama hapa. Sema, 'Nimeridhia.'"

"Nimeridhia nini?"

"Kupigwa picha, mama. Watu wakuone."

"Watu gani?"

"Wengi, mama. Sema tu."

Mama akashtuka. "Watu wengi, na mimi nimekaa hivi? Ngoja kwanza. Usipige, usipige!" Akaanza kujikusanya. Anavuta kanga huku, inashuka kule, anafuta mdomo kwa kiganja. Akamwita yule mdogo, "Wewe mwanangu, niletee kile kilemba changu cha kanisani. Na ile doti mpya. Watu wanakuja hata hamniambii!"

Mdogo mtu akaenda ndani, akaja navyo. Akamfunga mama yake pale pale, taratibu, na ungemwona ungejua kwamba anamfunga hivyo kila siku. Na zile kanga zilizosemwa zimeibiwa zote zilikuwa kwenye sanduku, zimekunjwa.

Mama akawa tayari. Akaketi kama bibi harusi. Akamtazama aliyeshika simu, akamnong'oneza mdogo, "Huyu mpiga picha ni nani?"

"Ni dada, mama. Mwanao mkubwa."

Mama akatikisa kichwa. "Hapana. Mwanangu mkubwa yuko mjini. Angekuwa hapa asingeniacha nikae mbele ya wageni bila kilemba. Yule ananionea haya sana, huyu simjui."

Halafu akageukia ile simu, akajiweka sawa, akasema kwa sauti ya kusalimia kanisa: "Hamjambo wote mnaonitazama? Mimi Mungu amenipa mabinti wawili. Hawajaniaibisha hata siku moja. Nimeridhia."

Video hiyo hapo. Mama kavaa, kajistiri, kasema mwenyewe kwa kinywa chake kwamba ameridhia. Hakuna sheria ya mtandao wowote inayoikataa. Angebonyeza tu ingeenda, na kila mtu angeiona. Lakini kidole hakikubonyeza. Kingebonyezaje? Ile ya kwanza ilimvua mama. Hii ya pili ilimvua yeye, mpaka mifupa ikaonekana.

Akakaa chini pale pale kwenye pumba za uwele, na nguo zake za mjini. Mama akamwambia yule mdogo, "Mpe chai huyu mgeni, naona anaumwa."

Mfano wangu umeishia hapo. Mnataka niwaambie walipatana? Siwaambii. Ninyi mnaniletea kesi zenu kila siku, mnajua kama mambo ya namna hii yanaisha kwa chai.

Sasa tuseme sisi.

Wale watu wa mtandao hawamjui yule bibi. Hawakunyonya kwake, hawajui hata kijiji chetu kiko upande gani. Lakini walipomwona katika hali ile, wakasema, "Hii hapana." Mtu wa mbali kabisa akamfunika, na aliyetoka tumboni mwake akapiga kelele kwamba ameonewa. Nawauliza, akina mama: sisi tunangoja nani atuzuie? Mpaka atokee mtu wa ng'ambo atuambie, "Huyo ni mama yako, mfunike"?

Zamani mkija kwangu na ugomvi mlikuja mnalia. Nilifunga mlango, mkasemana, mkaoneana haya kwa sababu mlikuwa mnatazamana usoni. Siku hizi mnakuja na ushahidi. "Bibi, sikiliza hii sauti, mume wangu alivyonitukana alipolewa." "Bibi, tazama wifi alivyoanguka msibani." Nauliza, umenionyesha mimi tu? Unainamisha kichwa. Najua tayari, imeshapita kwa mashoga zako wote, imeshafika kwa wajukuu zangu, na mimi ndiye wa mwisho.

Na wewe ambaye huna simu ya kupangusa, unatikisa kichwa unajiona msafi, tulia. Wale wa kisimani walionyamaza mdogo mtu alipofika, wangapi walikuwa na simu? Wengine walisimuliwa tu. Mtu alimbeba yule mama uchi kwa mdomo wake, akapita naye nyumba kwa nyumba, na hakutumia bando lolote.

Sijasimama hapa kuwachoma. Hata mimi nimekaa na aibu tangu nilipoanza kuwaza nitasema nini, kwa maana nyuso ninazoziona hapa nazijua, na mama zenu nimezika nao waume zao. Mungu anatuona kila siku vile tulivyo, bila kilemba, bila doti, na hajawahi kututangaza. Tungekuwa wapi angekuwa kama sisi?

Hatuombi bado. Ombi la sasa hivi litakuwa la mdomo tu. Mwenye simu aitoe. Mle ndani kuna kitu cha mwenzako, unakijua, ulipoanza kunisikiliza ndicho ulichokikumbuka. Kama hujui kufuta, mwombe uliyekaa naye, ila asiangalie. Na ambaye chake kiko mdomoni, mwenye jina hilo anaishi hapa hapa, mlango uko wazi, nenda kwake sasa umwambie.

Mimi nakaa hapa kwenye benchi. Sina haraka, nyumbani sijabandika chochote jikoni. Mkimaliza, mtaniambia tusimame.