Mashavu ya Panya Buku

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya nani, ya mgonjwa? Na ubwabwa mmekula sahani mbili mbili, nimewaona. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Hapo zamani za kale, babu wa babu yangu hajaota hata jino, kulikuwa na kijiji cha wanyama chini ya kilima. Kijijini humo aliishi Panya Buku. Mnamjua Panya Buku? Si huyu wa jikoni anayetafuna sabuni. Panya Buku ni mkubwa, mkia mrefu, ncha yake nyeupe. Na Mungu alimpa kitu ambacho hakumpa simba wala tembo. Alimpa mifuko. Mmoja shavu la kulia, mmoja shavu la kushoto, ndani kwa ndani.

Ndugu zake walibeba karanga humo, basi. Yeye alibeba vitu. Alibeba uzi wa katani. Alibeba mwiba wa mgunga, mrefu, wa kushonea. Alibeba chembe ya chumvi, kipande cha kaa lililozimika, jiwe la kuwashia moto. Alibeba na donge la nta ya nyuki. Akilala anavitoa, akiamka anavirudisha. Twi, twi, twi, shavuni. Ndipo anatoka nje.

Shemeji Mwinshehe, wewe unacheka nini huko nyuma? Nimekuona unaliangalia fundo la kanga yangu. Ngoja, tutafika.

Sasa kijiji kile kilikuwa na adabu zake. Ukikutana na mkubwa wako unasimama. Unasema shikamoo. Unangoja marahaba. Unaulizwa habari za nyumbani, unajibu. Unaulizwa za shamba, unajibu. Ndipo unapita. Hata kama una haraka. Hata kama unafukuzwa na nyuki, nyuki nao watangoja.

Na mkubwa aliyependa salamu kuliko wote alikuwa Bi Digidigi. Mtu mzima, miguu myembamba kama vijiti vya mishikaki, macho makubwa. Salamu kwake ilikuwa chakula. Akikosa moja asubuhi, siku nzima hali.

Siku ya kwanza akakutana na Panya Buku njiani. Panya Buku akasimama, akainamisha kichwa, akasema, "Mmh."

Mdomo umejaa, angesemaje?

Siku ya pili wakakutana tena. "Mmh," akasema Panya Buku.

Siku ya tatu wakakutana tena. Panya Buku akaona aibu, akajitahidi. "Mmh-mmh," akasema.

"Haya," akasema Bi Digidigi. "Leo umeniongezea moja."

Akageuka, tiki tiki tiki, moja kwa moja mpaka kwa Ngiri, mwenyekiti wa kijiji. "Mwenyekiti," akasema, "nimezeeka mpaka nadharauliwa na panya. Miaka yote hii nimelea watoto wa kijiji hiki, leo mtu ananingurumia kama nimemkanyaga." Na machozi yakamlengalenga, maana alikuwa ameumia kweli.

Ngiri akaitisha baraza. Akapiga kwato chini, ko, ko, ko. Wanyama wakakaa.

"Panya Buku," akasema Ngiri, "unashtakiwa kwamba husalimii wakubwa. Unasemaje?"

"Mmh," akasema Panya Buku.

"Mnamwona?" akasema Bi Digidigi.

"Tema," akasema Ngiri.

Panya Buku akatema. Tu, uzi. Tu, mwiba. Tu, chumvi. Tu, kaa. Tu, jiwe. Wanyama wakanyoosha shingo. Hondohondo, yule ndege mwenye domo kubwa asiyejua kunong'ona, akacheka mpaka akateleza tawini. "Jamani," akasema, "huyu kahamisha duka zima."

"Ni vya dharura," akasema Panya Buku. Kumbe sauti yake ilikuwa nzuri, nyembamba, na wengi hawakuwahi kuisikia. "Shida ya njiani haipigi hodi. Ukikwama, unakwama na ulicho nacho."

"Dharura?" akasema Ngiri. "Dharura ina kasha lake."

Ni kweli, lilikuwepo. Kasha la mninga. Ndani mna shoka, kamba, tupa, koleo, taa, kila kitu. Lilikaa uani kwa Ngiri na kufuli kubwa, na kulibeba kulitaka watu wanane. Kila mwaka walilipangusa vumbi na kulisifu. Halijawahi kufunguliwa.

"Jambo likitokea, tutaleta kasha," akasema Ngiri. "Wewe vitu vyako viweke nyumbani kama watu wengine, na watu uwasalimie. Ukishindwa, hama."

Hama. Panya Buku kazaliwa pale. Mama yake kazikwa pale. Akaviokota vitu vyake kimoja kimoja, akavikumbatia, akaenda navyo nyumbani, na watoto wa kijiji nyuma yake wanaimba:

Panya Buku, Panya Buku,
mawe yana nafasi,
salamu haina nafasi!

Imbeni nanyi. Mawe yana nafasi? Salamu haina nafasi. Haya, inatosha, mtamliza.

Kufika nyumbani akavipanga vitu juu ya mkeka. Uzi upo. Mwiba upo. Chumvi, kaa, jiwe, vipo. Nta haipo. Akatafuta, akatafuta. Kumbe imenata mdomoni, nyuma ya gego la mwisho. Akachokoa kwa ulimi, wapi. Akachokoa kwa kucha, wapi. "Kaa huko basi," akasema, akaiacha.

Asubuhi akatoka. Mashavu matupu, yananing'inia kama soksi. Lakini mdomo wazi. Akamkuta Ngiri: "Shikamoo, Mwenyekiti." "Marahaba." Akamkuta Hondohondo: "Habari za asubuhi?" "Njema." Akakuta kichuguu akadhani ni mzee kainama: "Shikamoo." Kichuguu hakikuitikia, akapita.

Akaenda, akaenda, akaenda, mpaka kichakani ng'ambo ya shamba. Pale akamkuta Bi Digidigi, kasimama kando ya mti. Panya Buku akajikohoza. Hii ndiyo salamu aliyokuwa akiifanyia mazoezi tangu alfajiri.

"Shikamoo, Bi Digidigi."

Kimya.

"Shikamoo, Bi Digidigi."

Kimya. Anamwangalia tu, macho makubwa.

"Shikamoo, Bi Digidigi," mara ya tatu, kwa sauti ya kuita mbuzi malishoni.

Kimya.

Hasira ikampanda. "Aaa," akasema, "jana nilikuwa na vitu mdomoni, nikapelekwa barazani. Leo mdomo mtupu, mwenye salamu zake ananinyamazia. Na mimi nikushtaki kwa nani?" Akageuka aende zake. Hatua ya kwanza. Hatua ya pili. Nyuma yake akasikia, "Khrrr."

Akageuka. Akatazama vizuri. Shingoni mwa Bi Digidigi mlikuwa na waya.

Mtego wa mwindaji. Kitanzi cha waya, kimefungwa kwenye shina la mti. Kila Bi Digidigi akivuta, kinakaza. Sauti haipiti, pumzi inapita kwa shida. Hakuwa amenyamaza kwa kiburi, masikini ya Mungu. Hakuweza kusema. Hasira yote ya Panya Buku ikamtoka palepale, akaona haya.

Akarukia waya, akauma. Kwa! Jino likamegeka. Waya si kamba. Akapeleka mkono shavu la kulia, kwa mazoea. Tupu. Shavu la kushoto. Tupu. Vitu vyake vyote viko nyumbani, vimelala mkekani. Panya Buku akalia, siwafichi.

Hondohondo akapita juu. "Kuna nini huko?"

"Bi Digidigi kanaswa. Kimbilia kasha."

Hondohondo akaruka, pwa pwa pwa, akaelekea kijijini.

Mara wakasikia mluzi. Fyuu, fyuu, fyuu. Mbali, huko mtoni. Ni mwindaji, anapita kukagua mitego yake mmoja mmoja, na mbwa wake mbele. Bi Digidigi akausikia. Akaruka, waya ukakaza, ulimi ukamtoka.

Panya Buku akauma meno kwa uchungu, na ulimi wake ukagusa gego la mwisho. Nta. Ile nta yenye ukaidi, iliyokataa kutoka nyumbani. Akatia kucha, akavuta kwa nguvu zote, pwi, ikatoka. Ndogo, kama harage.

"Bi Digidigi," akasema, "nisikilize. Usinijibu, salamu yangu itasubiri. Waya huu una jicho dogo, ndimo unamopita. Umeshika kutu, ndiyo maana unakaza na haurudi. Nitaupaka nta, uteleze. Lakini usivute. Najua miguu inataka kukimbia. Iambie ikae. Sogea huku mtini."

Kumwambia digidigi asikimbie, ni sawa na kumwambia maji yasiteremke. Mluzi unakuja. Fyuu, fyuu. Lakini Bi Digidigi akamtazama Panya Buku, akanyanyua mguu mmoja, akasogea hatua moja. Waya ukalegea kidogo.

Panya Buku akapaka. Sugu, sugu, sugu. Akasukuma. Wapi. Akapaka tena, sugu, sugu, sugu. Fyuu, fyuu, mluzi umefika shambani. Mbwa kabweka. Akasukuma. Kri. Akasukuma. Kri, kri. Akaegemeza bega, akasukuma. Kriiii, jicho likateleza. Kitanzi kikapanuka kidole kimoja. Vidole viwili. Likatoka sikio moja, likatoka la pili, kichwa kikatoka.

Mnadhani alikimbia? Hakukimbia. Alisimama anahema, haa, haa, haa. Kisha akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Marahaba."

"Bi Digidigi, mbio."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba." Mara tatu, maana salamu zilikuwa tatu, na hakutaka kubakiza hata moja.

"Za nyumbani utaniuliza mbele ya safari," akasema Panya Buku. "Mbio sasa."

Wakakimbia, puru puru puru. Mwindaji akakuta kitanzi kinanuka asali, akakuna kichwa, akarudi nyumbani kula mchicha.

Njiani wakakutana na kasha. Wabebaji wanane, wanahema, hii, haa, hii, haa, na Ngiri mbele anawahimiza, jasho linamtiririka.

"Tumefika," akasema Ngiri. "Yuko wapi aliyenaswa?"

"Ni mimi," akasema Bi Digidigi.

Ngiri akamtazama. Akatazama kasha. "Basi tulifungue hata hivyo," akasema, "tumelibeba toka mbali." Akajipapasa kiunoni. Akajipapasa tena. Ufunguo uko nyumbani, umetundikwa kwenye msumari. Wote wakainama kulinyanyua tena kasha, isipokuwa Hondohondo, aliyecheka, na yeye mnamjua.

Kesho yake asubuhi, Panya Buku hajatoka, akasikia hodi. Ni Bi Digidigi. Shingoni ana kovu, mkononi ana nta mpya kaifunga kwa jani la mgomba. Hakuuliza kitu. Akapiga magoti mkekani, akaokota uzi. "Fungua mdomo," akasema.

Panya Buku akafungua. Twi, uzi. Twi, mwiba. Twi, chumvi. Twi, kaa. Twi, jiwe. Mwisho akamtilia ile nta, akaibonyeza vizuri isianguke. Mashavu yakajaa yakawa mviringo.

Wakatoka nje, kijiji kizima kinatazama, Ngiri naye yupo. Bi Digidigi akasimama katikati ya njia. "Haya," akasema. "Nisalimie."

Panya Buku akainamisha kichwa. "Mmh," akasema.

"Marahaba," akasema Bi Digidigi. "Habari za nyumbani?"

"Mmh."

"Na za shamba?"

"Mmh."

"Vizuri sana, mwanangu. Pita."

Akapita. Na kuanzia siku ile hakuna aliyemuuliza tena kabeba nini. Ukikutana naye leo, mashavu yamejaa, usimwone ana kiburi. Mwitikie, aende zake.

Funzo ni hili, wadogo na wakubwa. Kilicho nyumbani hakikufai njiani. Kidogo ulichonacho mwilini kinapita kasha zima lililofungwa. Na mtu asipoitikia salamu yako, kabla hujakasirika, mwangalie kwanza shingoni.

Sasa, shemeji Mwinshehe, njoo hapa kwenye taa. Fundo ulilokuwa ukilicheka ndilo hili, nalifungua mbele ya watu. Sindano, imezungushiwa uzi. Pini mbili. Vijiti vitatu vya kiberiti na kipande cha ganda lake. Chumvi. Na hii ni nini? Ni kipande cha mkanda wa kandambili yako, uliokatika asubuhi kule shambani, ukataka kuruka kwa mguu mmoja mpaka nyumbani. Nani alikuazima pini? Sema, wakusikie.

Mdomo umejaa ubwabwa, hawezi. Kasema "Mmh." Nami namwitikia, marahaba.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, ifungeni pindoni muende nayo. Ikiwa chachu, nirudishieni, fundo langu bado lina nafasi.