Fisi, Kigogota na Wadudu Watatu wa Gego

Nianze, nisianze?

*Anza! Masikio yako wazi!*

Nikianza sirudi nyuma.

*Usirudi! Tuko nawe!*

Haya, sogeeni. Na mtu asinicheke nikisisimka katikati ya hadithi. Mimi mwenyewe nimewahi kulazwa kwenye kile kiti cha daktari wa meno, taa usoni, mdomo wazi kama pango, na tangu siku hiyo hadithi hii naiheshimu.

Palikuwa na Fisi. Fisi mkubwa, shingo nene, tumbo halijui kushiba. Alikuwa na gego moja upande wa kulia, chini, na gego hilo ndilo lililomfanya mkubwa wa fisi wenzake. Maana kwao desturi ilikuwa hiyo: anayevunja paja la nyati kwa kuling'ata mara moja ndiye anayekula kwanza. Asiyeweza anangoja. Anangoja, anangoja, halafu anapewa kwato.

Siku moja Fisi akang'ata mfupa, kwaju! Gego likaingia tundu. Hakujali. Nyama zikaingia tunduni, zikakaa, zikaoza. Gego likaanza: pwi, pwi, pwi. Akilala, pwi. Akisimama, pwi. Akinywa maji ya baridi, wacha weee! Shavu likavimba, jicho likafumba.

Akaenda kwa Nungunungu. Nungunungu alikuwa fundi wa meno wa nyika nzima, na kazi aliyoijua ilikuwa moja tu.

"Ng'oa," akasema Nungunungu.

"Hakuna dawa?"

"Ng'oa."

"Na kama sitaki kung'oa?"

"Basi ng'oa kesho."

Fisi akafikiria zile kwato. Akatoka pale mbio.

Njiani kulikuwa na mninga mkavu. Upepo ulikuwa umeuinamisha mti ule mpaka tundu lililokuwa juu likawa usawa wa pua ya Fisi. Na ndani ya tundu lile alikaa Kigogota, ndege mdogo, utosi mwekundu, mdomo kama patasi. Alikuwa na makinda watatu walioanguliwa siku ileile, hawana hata unyoya mmoja.

Fisi akasikia, chwi, chwi, chwi. Akasimama. Akaingiza pua tunduni.

"Laini," akasema. "Hawa hawahitaji gego."

Kigogota akashuka, pu! Akatua juu ya tundu lake. Mti hawezi kuuhamisha. Watoto hawawezi kuruka mpaka zipite siku ishirini na moja. Na kumpiga Fisi, ampige na nini?

"Bwana Fisi, shikamoo," akasema. "Hilo shavu limekuwaje?"

"Jino. Lina mdudu."

Nyika nzima iliamini hivyo, kwamba jino likiuma lina mdudu. Kigogota alijua hakuna mdudu. Lakini aliposikia neno lile, akili ikamfunguka.

"Mdudu!" akasema. "Mbona mimi kazi yangu ni wadudu? Mti ukiingiwa na funza, mimi siukati mti. Namfuata funza alipo, namtoa, mti unabaki umesimama."

"Bila kung'oa?"

"Bila kung'oa. Ila ukiwala wanangu, mkono unatetemeka."

"Wewe huna mkono."

"Basi ujue utakavyotetemeka!"

Fisi akafikiri. Pwi, likasema gego. Akakubali. "Nitibu kwanza. Nikipona, nawala."

Kigogota akaleta magome ya mjafari. "Tafuna." Fisi akatafuna, ulimi ukafa ganzi, shavu likafa ganzi.

"Fungua."

"Aaa."

"Zaidi."

"Aaaaa."

Kigogota akaingia. Lo! Kaeni mlifikirie hilo. Ndege wa kuenea kwenye kiganja, ameingia kwa miguu yake katikati ya mdomo wa Fisi.

Ko-ko-ko-ko-ko.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mwili wangu husisimka. Jino kwa nje utadhani ni jiwe tupu. Si jiwe. Ndani mna chumba kidogo kuliko punje ya mtama, na kutoka chumba hicho zinashuka njia nyembamba kama nywele, zinapita ndani ya mizizi mpaka kwenye taya. Humo mnakaa kiini cha jino, laini, chekundu, kina damu na kina fahamu. Kikioza kile, ndiyo pwi unayoisikia. Ganda bado zima, mizizi bado imeshika taya, nyumba bado imesimama. Kilichooza ni chumbani tu. Nungunungu alikuwa anabomoa nyumba nzima. Kigogota yeye alifungua mlango juu ya paa, akashuka kufagia.

Na ulimi wa kigogota mnaujua? Mrefu, mwembamba, ncha yake ina vimiba. Akauingiza njia ya kwanza. Polepole. Akashuka, akashuka, akafika mwisho wa mzizi, hata pungufu ya unywele hakwenda, hata zaidi ya unywele hakwenda. Akavuta. Fyuu! Ukatoka uzi mweusi, unanuka vibaya mno.

"Mdudu huyo," akasema.

Fisi akautazama ule uzi, macho yakamtoka. "Huyo ndiye aliyekuwa ananila?"

"Huyu mmoja. Gego lako lina mizizi mitatu. Wamebaki wawili, na wamelala. Nikiwaamsha leo watakukimbilia kwenye ubongo. Rudi baada ya siku saba."

Uongo mtupu! Kazi ile ilikuwa ya asubuhi moja. Lakini makinda walitaka siku ishirini na moja, na mama alihesabu saba mara tatu.

Akaziba tundu kwa nta ya nyuki. "Usitafunie upande huu. Usile mfupa. Na mimi usinile, maana nikifa mimi, wale wawili nani atawatoa?"

Fisi akaenda zake. Akalala, kimya. Akasimama, kimya. Akanywa maji ya baridi, kimya! Akakaa chini peke yake, akajishika shavu.

Siku ya saba akarudi. Makinda walikuwa na vinyoya kama vumbi.

"Fungua."

"Aaa."

"Zaidi."

"Aaaaa."

Ko-ko-ko. Nta ikatoka. Ulimi ukaingia njia ya pili, ukashuka, ukashuka, ukavuta. Fyuu! Uzi wa pili.

"Mdudu huyo. Amebaki mmoja. Rudi baada ya siku saba. Usile mfupa."

Lakini mlafi ni mlafi. Siku ya tatu tu, fisi wenzake wakaangusha nyati, na Fisi akaona atapitwa. Akalitia paja lile upande uleule. Kwaju! Nta ikavunjika. Pwi! Alikuja mbio huku analia, mate yanamchuruzika mpaka magotini.

"Mdudu ameamka! Bi Kigogota, ameamka!"

"Nilikwambia nini?"

"Usile mfupa."

"Ukala nini?"

"Mfupa."

Kigogota akaosha, akaziba upya, akamkaripia kama mtoto. Na Fisi, mkubwa wa fisi wote, aliinamisha kichwa akakaripiwa. Tangu siku ile hakuthubutu hata kuwatazama wale makinda kwa muda mrefu.

Siku ya kumi na nne akafika. Kigogota akachungulia, akanusa, akatikisa kichwa. "Mzizi una moto bado. Umeuamsha mwenyewe. Nabadilisha dawa tu, rudi baada ya siku saba." Fisi akarudi nyumbani bila ubishi.

Ikafika siku ya ishirini na moja. Fisi alikuja na tumbo tupu. Hakuwa amekula tangu jana, alitaka nafasi.

"Leo ndiyo mwisho," akasema. "Mdudu anatoka, na nyie mnaingia."

Kigogota akageuka kutazama tundu lake. Kinda la kwanza lilikuwa tayari. La pili lilikuwa tayari. La tatu, kitinda mimba, lilikuwa linajaribu mabawa na kuanguka, linajaribu na kuanguka. Mama yule aliogopa, nawaambia.

"Fungua," akasema.

"Aaa."

"Zaidi."

"Aaaaa."

Akatoa uzi wa tatu. Akaosha njia zote tatu, akazikausha. Hapo angeweza kuacha. Angeweza kumtilia majani makavu juujuu akampa siku mbili za raha na mwaka wa kilio, na nani angemlaumu? Hakufanya hivyo. Mkono uliojua kazi ulikataa. Alichukua utomvu wa mbungo, ule unaovutika na kuganda, akaujaza njia ya kwanza mpaka mwisho wa mzizi, akashindilia. Njia ya pili, akashindilia. Njia ya tatu, akashindilia. Hakuacha hata upenyo wa kupita pumzi. Juu yake akalivisha gego kofia aliyoichonga kwenye ncha ya pembe ya nyati, akaibandika kwa utomvu uleule, ikakaa kama imezaliwa pale.

Akatoka mdomoni, akasema kwa sauti kubwa:

"Sasa usifunge mdomo! Utomvu mbichi. Ukifunga, meno ya juu yatashikana na ya chini, na hutaufungua tena maisha yako yote. Kaa hivyohivyo mpaka kivuli cha mninga kifike kwenye kile kichuguu."

"Aaa?" akauliza Fisi.

"Mpaka kwenye kichuguu."

Fisi akakaa. Mdomo wazi. Kigogota akageukia watoto.

"Ruka!"

Kinda la kwanza likaruka. Fyaa! Likapita juu ya pua ya Fisi.

"Aaa!" akasema Fisi.

"Ruka!"

La pili likaruka. Fyaa! Likapita kati ya masikio yake.

"Aaaa!"

"Ruka, mwanangu!"

Kitinda mimba akajitupa. Akapiga mabawa mara moja. Akapiga mara mbili. Akaanguka. Na alipoanguka, aliangukia ndani. Tap! Juu ya ulimi wa Fisi.

Kinda limesimama juu ya ulimi. Meno juu, meno chini. Mate yakaanza kutiririka, shwaa, shwaa. Taya la Fisi likatetemeka. Siku ishirini na moja alikuwa anangoja tonge hili, na tonge limekuja lenyewe, limekaa mahali pake.

"Usifunge," akasema Kigogota. Sauti ilikuwa ndogo. "Bwana Fisi, nakuomba. Utomvu bado mbichi."

Fisi akatazama kivuli. Kilikuwa bado hatua mbili kufika kichuguu. Akafikiria mdomo ulioshikana milele. Akafikiria kwato, na hata hizo angezilaje? Machozi yakamtoka.

Kinda likatembea. Likapanda juu ya lile gego, juu ya ile kofia ya pembe, likaikanyaga kama tawi. Likakunjua mabawa. Likaruka. Fyaa! Likapaa, likawafuata ndugu zake, na mama akawafuata wote watatu, na mninga ukabaki mtupu.

Kivuli kikafika kwenye kichuguu. Fisi akafunga mdomo taratibu. Hakikushikana kitu. Akachukua paja la nyati, akaliweka kulia. Akafumba macho. Kwaju!

Kimya. Akang'ata tena. Kwaju! Kimya.

Akaenda kwa wenzake, akafungua mdomo bila kuambiwa. Wakaja mmoja mmoja, wakachungulia, wakaligusa gego kwa pua. Nungunungu naye akaja, akatazama kwa muda mrefu, akavua kamba yake ya kung'olea mabegani, akaiweka chini.

"Nani kakufanyia kazi hii?" akauliza.

Fisi akatazama juu. Mbinguni hapakuwa na kitu.

"Ndege," akasema. "Nilikuwa nataka kumla."

Sasa funzo, maana najua mtaniuliza. Funzo ni hili: msiseme uongo. Kigogota alisema uongo, na mwisho wake mmeuona, alipoteza nyumba yake na watoto wake wote watatu kwa siku moja, na sijasikia kwamba wamewahi kurudi hata kumsalimia. Fisi, aliyekuwa mlafi na mkatili tangu mwanzo, na aliyeambiwa asile mfupa akala, yeye amebaki na gego lake na cheo chake. Kwa hiyo kuweni walafi, kaidini mnayoambiwa, na jino likiwauma mwambieni daktari kwamba lina mdudu. Atafurahi sana.

Mzigo nimefika nao, nautua.

*Utue! Tumeupokea!*