Koti Lililobaki Kitini

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso. Fumbo hili aliwahi kupelekewa hakimu mmoja mstaafu. Aliomba glasi ya maji akanywa, akaomba ya pili akanywa, kisha akasema amekumbuka ana safari. Ninyi mna vichwa kuliko yeye, basi tegeni masikio.

Palikuwa na stesheni ndogo ya reli ikiitwa Mtondooni, na jukwaani pake walishinda watu watatu waliojaliwa.

Wa kwanza alikuwa Bi Kijakazi, msusi wa mikeka. Masikio ya mama huyu yalikuwa nyayoni. Alikaa peku juu ya saruji, ukili mkononi, na treni ikiwa bado ng'ambo ya vilima yeye keshajua inakuja, keshajua imebeba watu au mizigo, na akiwa na hali nzuri siku hiyo atakwambia na dereva kaamkaje.

Wa pili alikuwa Semkiwa, mnadi wa mitumba. Huyu alikuwa na sauti ya kuamsha ng'ombe wa wilaya ya pili, na mkono wake ulikuwa na dawa. Akiinua shati juu, hata mtu anayewahi mazishi atasimama aulize lina mifuko mingapi.

Wa tatu alikuwa Mama Shundi, mpishi wa harusi, ambaye siku zisizo na harusi aliuza vitafunwa vya sinia hapo jukwaani. Sufuria la pilau la watu mia mbili, likiwa limejaa na linatoka mvuke, yeye huliepua peke yake huku anapiga soga na jirani.

Na alikuwepo wa nne, Mbaruku, mshika bendera. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Simu ya ofisini ikilia kwamba treni imetoka stesheni ya jirani, afunge kamba kwenye kivuko cha mbao ili watu wasikatize reli, kisha asimame na bendera yake. Miaka kumi na mmoja alikuwa kibarua, na kila mwaka aliambiwa barua ya ajira ya kudumu iko njiani.

Kipaji hakuwa nacho, labda kimoja tu: alijua kuondoka akabaki. Alivua koti lake la kazi, la rangi ya chungwa lenye mistari inayong'aa, akalivisha mgongo wa kiti pale mlangoni. Kofia juu ya kiti. Ofisi akaifunga, ufunguo mfukoni, huyo. Atakayeuliza mshika bendera yuko wapi ataambiwa, "Yupo, koti lake si lile?" Makoti ya namna hiyo mmeyaona maofisini kwenu, msijifanye wageni.

Sasa, Jumanne moja saa sita mchana, Mbaruku akaliacha koti kitini akaenda nyuma ya mashine ya kusaga. Huko alikuwa na mchezo wa drafti na fundi cherehani, mchezo ulioanza Jumapili ukawa haujaisha. Treni ya abiria ilikuwa ya saa nane. "Dakika kumi tu," alijiambia. Akakaa, akasogeza kete.

Huku nyuma akafika Zamoyoni, fundi wa redio, juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono, maana miguu ilimkataa tangu utoto. Alitaka kuvuka aende ng'ambo.

"Bi Kijakazi, mwenye bendera yupo?"

"Koti lake hilo hapo."

"Na kamba hajafunga. Basi njia nyeupe."

Akashuka kwenye mbao. Wakati huohuo simu ikalia ofisini. Ililia nyuma ya mlango uliofungwa mpaka ikachoka yenyewe. Na katikati ya reli, gurudumu la mbele la Zamoyoni likazama kwenye upenyo kati ya ubao na chuma. Akavuta. Halikutoka.

Bi Kijakazi akasimama, mkeka ukamdondoka.

"Semkiwa, kuna kitu kinakuja. Kizito."

"Saa hizi, mama? Treni si ya saa nane?"

"Miguu yangu haina saa. Kimeshavuka daraja."

Kama si nyayo za Bi Kijakazi, wangejua honi ilipopigwa kwenye kona, na kutoka kwenye kona hata sala fupi huimalizi.

Semkiwa akakimbilia bendera nyekundu ofisini. Mlango umefungwa. Akageuka, macho yakaangukia koti. Akalinyakua, akapanda juu ya meza yake ya mitumba, akaliinua kwa mkono ule wenye dawa, na kwa sauti ile akamwita dereva aliyekuwa hajaonekana. Wako wanaoapa kwamba kwa mazoea alitaja na bei. Ilikuwa treni ya kokoto, ambayo haimo kwenye ratiba. Dereva akaona rangi ya chungwa inapepea juu ya vichwa vya watu, akakamata breki. Kama si mkono wa Semkiwa, asingezikamata mapema.

Lakini mabehewa yaliyojaa mawe hayasimami kama mbuzi aliyevutwa kamba. Chuma kinalia, na bado yanakuja. Hapo ndipo Mama Shundi alipotua sinia lake akaruka relini.

"Nishike shingo."

"Na baiskeli yangu?"

"Shika shingo nimekwambia, mwanangu."

Akapiga goti, akapitisha mikono chini ya kiti, akamwepua mtu na magurudumu yake yote matatu kwa pamoja, kama anaepua sufuria. Akamtua jukwaani. Treni ikapita kwenye mbao zile polepole, ikaja kusimama ikiwa imezipita kwa mabehewa mawili. Kama si mikono ya Mama Shundi, mabehewa mawili yale yangetosha.

Nyuma ya mashine ya kusaga, Mbaruku alikuwa ndiyo kwanza kapata kingi. Aliposikia breki zinalia, mkono wake ulikwenda mfukoni wenyewe, ukaukuta ufunguo. Alikimbia bila kuaga.

Alifika akakuta kiti kitupu. Semkiwa akamwendea, koti mkononi.

"Koti lako, mgosi. Halikupata mteja."

Watu wakampa mgongo. Angetukanwa angepata nafuu. Zamoyoni alikuwa anapewa maji, na meno yake yanagonga kikombe. Sauti hiyo ndogo, kuliko breki, ndiyo Mbaruku aliyokwenda nayo nyumbani.

Tangu siku hiyo hakutoka kitini. Kamba aliifunga hata mbuzi wakitaka kuvuka. Koti hakulivua hata kwenye jua la kupasua mawe. Mkewe akamuuliza, "Baba Riziki, unakula na koti, unaswali na koti, umepewa uaskari?" Akatafuna ugali.

Wiki ya tatu akashuka mkaguzi, Bwana Lukindo, mkoba kwapani. Akawakusanya watu jukwaani, akasoma taarifa ya dereva. Dereva ameandika kwamba karibu na kivuko cha Mtondooni alisimamishwa na mshika bendera makini, aliyekuwa ndani ya sare yake, na kwa umakini huo mtu mmoja mlemavu amepona. Basi wakubwa wameona barua ya Mbaruku itoke.

Akaitandaza mezani. Jina limepigwa chapa: Mbaruku. Miaka kumi na mmoja kwenye karatasi moja.

Mbaruku akawatazama wale watatu. Bi Kijakazi alikuwa anasuka, macho chini. Semkiwa anakunja shati alilokwisha kulikunja. Mama Shundi anafuta sinia lisilo na uchafu. Wasingesema. Biashara jukwaani ni marufuku, na hapo wanakaa kwa sababu Mbaruku amefumba macho. Zamoyoni naye alikuwepo. Yeye hakuangalia chini.

Mbaruku akapewa kalamu. Akaisogeza mpaka kwenye mstari wa sahihi. Hapo akasikia tena meno yanagonga kikombe, na kikombe hakikuwepo.

"Bwana mkaguzi," akasema, "dereva aliona koti. Mimi sikuwa ndani yake."

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye drafti."

Bwana Lukindo akavua miwani. "Ulikuwa unashinda?"

"Nilikuwa na kingi moja."

Akaeleza yote, ufunguo na simu. Mkaguzi akasikiliza, kisha akakata jina kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Nafasi ni moja," akasema, "na sirudi nayo. Nani anastahili kukaa kwenye kiti kile?"

Hapo wale watatu wakapata ndimi. Bi Kijakazi akasema, mlinzi ni anayejua hatari kabla haijafika, na nani mwingine alijua? Semkiwa akasema kujua bila kumsimamisha dereva ni kungoja msiba umekaa. Mama Shundi akasema, semeni mtakavyo, ila aliyekuwa relini na treni inamjia ni mimi, nanyi mlikuwa jukwaani mnatazama.

Mbaruku hakudai kitu. Zamoyoni ndiye aliyesema, taratibu.

"Koti ndilo lililonidanganya. Kiti kingekuwa kitupu, nisingevuka. Na koti lisingekuwepo kitini, Semkiwa angeinua nini? Lilinitia shimoni, likanitoa. Na huyu leo, kama angenyamaza, barua ingekuwa yake, nasi sote tungenyamaza naye."

"Basi uhai ulikuwa wako," mkaguzi akasema. "Andika wewe." Akampa kalamu na karatasi.

Zamoyoni akamgeukia Mbaruku. "Ukipewa kiti, koti litakaa wapi?"

"Mwilini."

"Na ukinyimwa?"

Mbaruku akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka mapajani mwa Zamoyoni. "Litakaa kwa huyo utakayemwandika. Ila mwambieni kitini lisikae."

Kabla hajajibiwa, simu ikalia ofisini. Watu wote wakageuka kuangalia mlango. Mbaruku alishafika. Akatoka mbio na fulana yake iliyotoboka begani, akafunga kamba huku na huku, akasimama na bendera kwenye jua, akiwa si kibarua wala mwajiriwa. Bi Kijakazi akasema bila kuinua kichwa, "Ya abiria, imejaa." Semkiwa akawaita watu warudi nyuma. Mama Shundi akamshika mzee mmoja mkono.

Zamoyoni alikuwa na koti mapajani, karatasi juu ya koti, na kalamu mkononi. Na kalamu ikagoma.

Wengine husema mpe nyayo, wengine mpe mkono ulioinuka, wengine mpe mikono iliyoepua, na wako wachache wanaosema mpe yule mwenye fulana iliyotoboka, kisha wanaona haya kwa walilolisema. Haya, msikilizaji, karatasi hii hapa na treni inaingia. Je, wewe ungeandika jina la nani?